Nguo za Neno Moja

Siku Nakiete alipoanza kutokuwepo ilikuwa Jumanne, na Jumanne hiyo haikuondoka. Tulimzika ikiwa Jumanne. Tukalala, tukaamka, tukaikuta imekaa palepale barazani, kama mgeni aliyeambiwa karibu kwa adabu tu, naye akaamua kukaa kweli. Jogoo waliwika. Jua lilipanda na kushuka. Watoto walikwenda shule wakafundishwa somo lilelile, kwa sababu jana na leo zilikuwa kitu kimoja. Mimi ni mume wake, naitwa Mbonea. Katika mji wetu, siku aliyofia mtu haihami mpaka tanga lake lianuliwe, na anayeanua ni mwenye nyumba. Kwa hiyo Jumanne ya mji mzima ilikuwa mikononi mwangu, na kila aliyepita mbele ya mlango wangu alijua hivyo.

Huzuni hukaa kifuani, mtu anaweza kuifunika kwa shati. Aibu hukaa usoni, watu wanaiona kabla yako. Nilikuwa navyo vyote viwili, lakini ukiniuliza kipi kilikuwa kizito, nitasema aibu. Huzuni ilikuwa yangu na Nakiete. Aibu ilikuwa yangu na kila mtu.

Nakiete alikuwa mshonaji katika Nyumba ya Maneno, ile nyumba ndefu isiyo na madirisha upande wa bondeni, ambayo ukiitazama asubuhi iko mbali na ukiitazama jioni iko karibu. Kazi yao ni hii. Wasafiri waendao nchi ya theluji, kwa Wanorwei, hawaruhusiwi kuingia huko na maneno mapana. Neno la Kiingereza hufika mezani likiwa kitambaa kizima kisicho na mshono. Unaweza kujifunika nalo, kufungia mzigo, kutandika kitandani, na bado ni lilelile. Kule hawataki hivyo. Kule ni baridi, na mwenye baridi anataka nguo iliyokatwa kufuata mwili wake. Basi washonaji huchukua mikasi, wakalikata neno moja, wakashona nguo kadhaa za Kinorwei, kila nguo na mahali pake pa kuvaliwa. Nakiete alifundishwa kazi hiyo na Sista Ragnhild, muuguzi wa hukohuko kwenye theluji, aliyekuja kwetu zamani kutibu kikohozi akabaki kufundisha mikasi.

Neno lililokuwa mezani kwake siku ile lilikuwa leave, la kuondoka na la kuacha. Ni neno la kawaida kabisa, mtoto wa shule analijua. Alikuwa amekwisha kulikata na kulishona. Alikuwa akiipiga pasi nguo ya mwisho, akainamisha kichwa juu ya meza, na wenzake wakadhani anatafuta sindano.

Sheria ya Nyumba inasema neno alilofia mshonaji si mali ya Nyumba tena. Humfuata nyumbani, na ndugu hugawiana nguo zake siku ya kuanua tanga. Wakaniletea mwili, na nyuma ya mwili kikapu. Nilikisukuma chini ya kitanda. Nilijua kitu kimoja tu: nikikifungua, watu watavaa alichoshona kwa mikono yake, watatoka nacho mlangoni, na mimi nitabaki na ukuta. Jumanne ilikuwa mbaya, lakini ndani ya Jumanne alikuwa amekuwepo asubuhi. Jumatano haingemjua kabisa.

Na swali lilinikalia. Nililiuliza dari, nililiuliza sufuria. Nani hasa aliyeondoka? Yule aliyelazwa chini amekaa mahali pamoja, ukimtaka utamkuta. Mimi ndiye ninayesogea. Mimi ndiye ninayeota nywele na kucha. Kama siku zikianza tena kutembea, zitanichukua mimi, zitanipeleka mbali naye, naye atabaki palepale nilipomwacha. Je, si mimi basi mwenye kuondoka? Kwa nini basi watu wananipa mimi pole?

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza Navoneiwa alipokuja. Navoneiwa ni jirani yangu, mke wa Kiondo mwenye bucha. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa tumbo.

"Shemeji," akasema, "mimi nakuheshimu, na Nakiete alikuwa rafiki yangu. Lakini hebu tazama hapa." Akalishika tumbo lake kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha mtungi sokoni. "Mkunga alisema mtoto huyu ni wa Alhamisi. Alhamisi! Na wewe umetukalisha Jumanne. Anageuka, anapiga mateke, anatafuta mlango, mlango haupo."

"Pole, shemeji," nikasema.

"Pole ya nini? Pole haizai. Miguu imevimba hivi hata viatu vya Kiondo havinitoshi. Na huyo Kiondo mwenyewe anachinja Jumatano tu, kwa hiyo bucha lina nzi na mizani, basi. Usiku anaota nyama anatafuna mto."

Nilitaka kucheka. Aibu ikanikamata nikiwa katikati, kicheko kikageuka kikohozi. Navoneiwa akaona. Akakaa juu ya kitanda, juu ya kile kikapu, bila kujua, na sauti yake ikashuka.

"Mkunga anasema mtoto akikaa sana huchoka. Leo asubuhi hakupiga teke, Mbonea. Nilimngoja, hakupiga. Nimekuja kukwambia hivyo tu."

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu, ningepata la kufanya. Aliinuka akaenda, na mimi nikabaki nimetazama sakafu. Watu wa mji wote walikuwa wamesubiri kwa adabu, na adabu yao ilikuwa karibu kuua. Nikainama nikakivuta kikapu. Nikatuma habari kwa ndugu wote, kwa Sista Ragnhild, na kwa mama yake Nakiete, kwamba tunaanua.

Hapa lazima nieleze jambo la mama mkwe. Kwetu mume haonani na mama wa mke wake. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini mpaka apite. Akiwa jikoni, wewe uko barazani, na kati yenu kuna nguzo. Ukiwa na neno unaliambia nguzo, naye analijibia nguzo. Si chuki, ni haya. Ndivyo heshima ilivyokatwa na kushonwa kwetu. Lakini mimi na mkwe wangu hatukuwahi kuihitaji nguzo, maana tulikuwa na Nakiete. Maneno yangu aliyachukua yeye akayapeleka jikoni, na ya jikoni akaniletea. Tangu alipoanza kutokuwepo, mkwe wangu alikuwa akija kukaa jikoni kwangu na mimi nikikaa barazani, watu wawili waliomlilia mtu mmoja, na hatukuwa tumesemeshana hata neno. Ningemwambia nini? Na kwa mdomo wa nani?

Siku ya kuanua walijaa uani. Sista Ragnhild alikuja na fimbo yake na miwani iliyofungwa kwa uzi. Akakaa kwenye kigoda, akaweka kikapu katikati ya miguu.

"Msinitazame kama nimeleta maiti ya pili," akasema. "Ni nguo. Mtoto huyu alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Atakayechukua nguo avae hapahapa, aijue kazi yake."

Akainua viatu vyepesi vya mpira. "Dra. Hii ni kuondoka tu. Mtu anainuka, anakwenda. Haina hasira, haina machozi."

"Hivyo ni vyangu," akasema baba mdogo Elienea, ndugu wa marehemu baba yake Nakiete. "Mimi sijapata kuaga mtu tangu nizaliwe."

"Hasa ukiwa umekula," mtu akajibu kutoka nyuma, na watu wakacheka. Elienea akavivaa, vikamkaa.

Akainua koti la sare lenye vifungo. "Permisjon. Ruhusa ya kazini. Unakwenda, lakini kiti chako kinakungoja."

Shangazi mmoja wa Nakiete akalipokea. Alilishika muda bila kulivaa. "Hii si ndiyo angepewa yeye?" akauliza. "Ruhusa kidogo tu, akapumzika, akarudi?" Akajivika polepole, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Kikafuata kitenge chepesi kama utando. "La, kwa Kinorwei. Kukiacha kitu kama kilivyo, kutokigusa. Mtu akikwambia la meg være, anasema niache, usinisumbue."

"Hiyo mpe Mbonea," Elienea akasema. "Ndilo neno ambalo mlango wake umekuwa ukituambia."

Wakacheka tena, na safari hii uso wangu ukawaka moto. Lakini Navoneiwa alikuwa amenyosha mkono. "Nipeni mimi," akasema. "Nikishazaa nitajifunga nayo, Kiondo aisome vizuri." Hata Sista alicheka, akamfunga mwenyewe kiunoni, taratibu, na nilimwona akiuweka mkono juu ya tumbo lile na kuungoja. Alipouondoa hakuwa anacheka.

Akaharakisha. Ukatoka mfuko wa turubai, legge igjen, wa kuacha kitu mahali kwa makusudi, kama mtu anavyoacha ufunguo chini ya jiwe ili mwenzake aukute. Ukatoka mfuko mwingine, glemme igjen, mdogo, chini una tundu, wa kuacha kitu nyuma kwa kusahau. Binamu wawili wakagawana. Ikatoka aproni, overlate, ya kumwachia mwenzako kazi yako aiendeleze; ikaenda kwa msichana aliyekaa meza ya pili kutoka ya Nakiete. Neno moja, na kila mtu alitoka nalo akiwa na umbo tofauti. Niliwatazama wakizunguka uani wamevaa kuondoka kwa mke wangu, wakijigusa mabega na kuulizana kama limewakaa, nikaona haya kwamba nilikuwa nimeishi na mikono iliyoweza hivyo na sikuwahi kuuliza inashonaje.

Zikabaki mbili.

Sista akainua koti jeusi. Lilikuwa zito, hata yeye mkono ulimshuka. "Forlate," akasema. "Kumwacha mtu aliyekutegemea. Kumtelekeza."

Watu wakasogea nyuma kidogo, kama linanuka. Mimi nikasogea mbele. Nililitambua koti lile. Nilikuwa nimelivaa tangu Jumanne ilipoanza, bila kulijua jina. Nilitaka kuingia ndani yake nipandishe kola, watu wasiuone uso wangu.

"Hilo ni langu," nikasema.

Sauti ikatoka jikoni, kavu na ya juu. "Nguzo! Mwambie huyo mwanamume aliyeko barazani aliweke chini. Hilo ni langu mimi."

Nilishtuka. Sikuwahi kuisikia sauti yake ikija kwangu. Nikaigeukia nguzo. "Nguzo, mwambie mama, mimi ndiye ninayeamka kitanda kikiwa nusu."

"Nguzo, mwambie, kabla hajawa na kitanda mimi nilikuwa na mgongo. Alikaa mgongoni kwangu. Nani aliyeachwa kwanza?"

"Nguzo, mwambie mama kwamba mimi ndiye watu wanayemnyoshea kidole mjini."

"Nguzo, mwambie, mimi ndiye niliyezika mtoto! Anajua mwanamke anatazamwaje akizika mtoto wake? Wanamtazama kama amekula zamu ya mwanawe!"

Nguzo ilisimama. Maneno yetu yaliigonga yakaanguka, yake upande wake, yangu upande wangu.

"Nyamazeni," Sista Ragnhild akasema, akaigonga fimbo chini. "Mnagombea aibu kama wali wa harusi. Nisikilizeni. Koti hili hushonwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa na njia ya kubaki akaikataa. Nakiete alikataa nini? Alikuwa anapiga pasi." Akalikunja, akalibana kwapani. "Linarudi bondeni. Litapata wake, halikosi."

Nilisimama mikono mitupu. Watu hufikiri kuondolewa aibu ni faraja. Lakini mimi nilikuwa nimejificha ndani yake, na sasa nilikuwa nje, uani, mchana, mtu aliyefiwa tu kama wengine waliofiwa. Hiyo ilikuwa aibu mpya, na haikuwa na nguo.

Kitu cha mwisho kilikuwa doti ya kanga, vipande viwili bado vimeungana, na upande mmoja bado umenyooka kwa pasi.

"Etterlate," Sista akasema, na sasa alisema polepole. "Hivi ndivyo afanyavyo mtu akifa. Anaacha nyuma yake. Na wale anaowaacha, kwetu wana jina, tunawaita etterlatte. Hakuwatupa. Yeye amekwisha, wao wamebaki, basi." Akaipapasa ile kanga. "Hajaikata. Vipande viwili, wafiwa wawili. Mmoja ashike huku, mwingine kule, waivute mpaka inyooke, mimi nipitishe wembe."

Baba mdogo Elienea akakohoa. "Haiwezekani, Sista. Mtu na mkwewe, uso kwa uso? Labda tuifunge kwenye nguzo upande mmoja."

"Ifungeni," Sista akasema. "Mtaigawa kanga kati ya nguzo na mkwe. Mjue tu kwamba nguzo haikufiwa."

Navoneiwa akaguna, akainama, akashika ukuta. Kiondo akamkimbilia. Navoneiwa akamsukuma. "Mama Nakiete!" akapaza sauti kuelekea jikoni. "Toka, mama. Nguzo haina mikono."

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Nitasema kweli. Nilikuwa nimetumaini atafanana naye. Katika siku zile za Jumanne nilikuwa nimejitengenezea uso jikoni kule, uso wa Nakiete uliozeeka, na nilikuwa nikiulinda. Hakufanana naye hata kidogo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye taya pana na jicho moja dogo kuliko jingine, na alikuwa akinitazama kwa mshangao uleule.

"Mbona mfupi?" akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilidhani u mrefu. Sauti yako ndefu." Akaushika mwisho wa kanga. Mimi nikashika mwisho wa pili. Hatukujua pa kuweka macho, tukayaweka kwenye kitambaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya mimi peke yangu, "Nilikuwa sijakushukuru. Kwa zile salamu."

"Salamu zipi, mama?"

"Za kila asubuhi. Alikuwa akija jikoni kwangu ananiambia, Mbonea anauliza umeamkaje, anauliza mgongo. Tangu baba yake afe, hakuna mtu mwingine aliyeniuliza mgongo. Nilikuwa naamka kwa ajili hiyo."

Sikuwahi kutuma salamu hizo. Hata siku moja. Nilijua ana mgongo kama watu wote, sikujua kwamba unauma. Damu ilinipanda usoni mpaka masikioni, na kwa sababu sikuwa na pa kujificha nikajibu kwa kile nilichokuwa nacho. "Na mimi nikushukuru wewe, mama. Kwa yale maneno kwamba mimi ni mwanao, kwamba hata yeye akinikosea nije kwako kwanza. Aliniletea siku baba yangu aliponifukuza kwake. Yalinishika."

Lile jicho dogo la mkwe wangu likapepesa. Nikaona uso wake unafanya kilekile ambacho wangu ulikuwa umefanya, ukiiva kuanzia shingoni, na nikajua kwamba hakuwahi kuyasema.

Tulisimama hivyo. Kila mmoja ameshika mwisho wake wa kitambaa, na kila mmoja anajua kwamba upendo alioupata kutoka upande wa pili ulitengenezwa katikati, njiani, na yule aliyekuwa akipita. Alikuwa amechukua ukimya wetu wawili akautafsiri. Alikuwa hasemi uongo. Alikuwa anatukata kufuata mwili. Na sasa pale katikati alipokuwa akipita palikuwa na kitambaa tu, na mwanga.

"Vuta, baba," mkwe wangu akasema, sauti imemkauka. "Unavuta kama mgonjwa."

Nikavuta. Naye akavuta. Mwanamke yule ana nguvu. Nilikanyaga chini kwa visigino. Sista akapitisha wembe, kanga ikaachana kwa mlio mrefu, na sote wawili tukarudi nyuma hatua kwa sababu kilichokuwa kinatushika kilikuwa kimekwisha.

Jumatano ikaingia bila kelele. Watu waliitambua kwa harufu, kwa sababu Kiondo alikuwa ameshashika kisu kabla hatujakunja mikeka. Mimi nilikaa barazani na kipande changu begani, nikaitazama siku isiyomjua mke wangu, nikaona haya kwamba ilikuwa nzuri. Upepo ulikuwa mzuri. Niliona njaa. Alhamisi Navoneiwa akajifungua mtoto wa kike, aliyechoka, wa rangi ya majivu, aliyekaa kimya mpaka mkunga alipomchapa, kisha akalia kwa hasira hata bucha likasikia. Kwenda kumwona nilikwenda mwisho wa watu wote. Navoneiwa alinitazama, akanipakatisha mtoto mikononi, na sikuweza kumtazama usoni mama wala mtoto.

Ijumaa ilikuja, zikafuata nyingine. Mkwe wangu hakurudi kwake. Siku hizi anakaa chumba cha uani, na mimi ndiye ninayepika. Hali chumvi, aliniambia mwenyewe.